Nchi inapewaje maksi za haki za kiraia na kisiasa? Mimi nasema fuata jalada

KaraniMstaafu

Wakuu habari za jioni. Humu mimi ni msomaji tu siku zote, leo kuna kitu kimenikaa kooni acha nikiteme, mtanisamehe urefu.

Nimefanya kazi masjala za mahakama miaka 27, nimeanzia mahakama ya mwanzo wilayani nikamalizia Mahakama Kuu, sasa nimestaafu nafuga kuku. Mwezi uliopita vijana wa asasi moja (siitaji) waliniita niwasaidie kuandaa ripoti kivuli, ile ambayo asasi zinapeleka pembeni ya ripoti ya serikali kuelezea nchi imetekeleza vipi Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Nikasema sawa, nauli wanatoa na chai ipo. Kufika napewa dodoso. Je, sheria inayolinda haki hii ipo? Ndiyo/Hapana. Je, katiba inaitaja? Ndiyo/Hapana. Kurasa kumi na nne za hivyo hivyo. Nikajaza kwa uaminifu, nikahesabu zile ndiyo, jamani Tanzania ilitoka na maksi za kwenda Ilboru, shule ya vipaji.

Nimerudi nyumbani nikawa sina raha. Kila jibu nililoandika lilikuwa kweli na picha niliyopata haikuwa ya nchi ninayoijua.

Kwa wasioifahamu hii habari, mkataba ulipitishwa Umoja wa Mataifa 1966, ukaanza kazi Machi 1976, na sisi tukajiunga Juni 1976, yaani hata miezi mitatu haikuisha. Vituko ni kwamba wakati tunajiunga katiba yetu wenyewe haikuwa na orodha ya haki za binadamu inayoweza kumfikisha mtu mahakamani, ikaja kuingizwa 1984, na hata hapo mahakama zikaambiwa subirini kwanza mpaka 1988. Wanaokagua ni Kamati ya Haki za Binadamu, wataalamu 18, wanakaa vikao vitatu kwa mwaka, makao yao Geneva. Nchi inaleta ripoti, asasi zinaleta za kwao, maswali yanaulizwa ana kwa ana, halafu kamati inatoa maoni yake ya mwisho. Ripoti yetu ya nne ilijadiliwa Julai 2009, tukaambiwa kuhusu adhabu ya kifo, viboko, ukeketaji, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, tukaambiwa turudi na ripoti nyingine 2013. 2013 ikaja ikapita.

Sasa hoja yangu. Mimi kazi niliyoijua maishani ni moja tu, kufuata jalada. Ukitaka kujua kesi imefikia wapi usimuulize wakili maana atakupa matumaini, shika jalada, soma mwenendo ukurasa kwa ukurasa uone kila siku ilipoitwa kilitokea nini na nani hakuja. Basi na nchi ipimeni hivyo. Chukua haki moja tu, shika jalada lake, usiliachie mpaka ulione liko kabati gani.

Nawapa moja. Ibara ya 25 ya mkataba inasema raia ana haki ya kuchagua na kuchaguliwa, na kamati yenyewe mwaka 1996 ilifafanua kwamba mtu asizuiwe kugombea bila sababu ya msingi kwa kulazimishwa awe mwanachama wa chama. Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani, alifungua kesi 1993 Dodoma. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akasema mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama, ruksa. Kabla hata ule mwaka haujaisha bunge likapitisha marekebisho ya 11 ya katiba, likafunga ule mlango kwa kufuli jipya. Mtikila hakuchoka, 2005 akarudi, 2006 Mahakama Kuu Dar majaji watatu wakampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa, Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hili ni la bunge siyo letu. Mzee akapanda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, tarehe 14 Juni 2013 wakamwambia umeshinda, Tanzania irekebishe katiba. Oktoba 2015 amefariki kwa ajali ya gari, wiki tatu kabla ya uchaguzi ambao alitakiwa aweze kugombea kama yeye. Tumefanya uchaguzi 2015, 2020, 2025 na kwenye karatasi ya kura hakuna mgombea binafsi hata wa udiwani.

Kesi ameshinda mara tatu. Kwenye dodoso: je, kuna mahakama zinazoweza kusikiliza malalamiko ya haki za kisiasa? Ndiyo. Je, zimewahi kuamua dhidi ya serikali? Ndiyo. Je, maamuzi yanachapishwa? Ndiyo. Ndiyo tatu safi kabisa!

Na jalada lile lile lina mtoto wa pili ambaye watu wamemsahau. 1994 Jaji Lugakingira alifuta pia ile ya kuomba kibali cha polisi ili ufanye mkutano wa hadhara, tangu hapo sheria inataka utoe taarifa tu, saa 48 kabla. Mnakumbuka 2016? Mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa stop. Kifungu cha taarifa kilikuwepo pale pale. Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia akaondoa zuio, na kifungu kilikuwepo pale pale. Miaka sita na ushee haki imeondoka na kurudi na hakuna herufi moja ya sheria iliyosogea. Sasa mtahini akija anaandika nini hapo? Wale vijana wa dodoso waliandika "maendeleo".

Mniambie nakosea wapi. Kama kuna mtu ana njia bora ya kupima nipo nasikiliza.

mtoto_wa_changombe

Nimeweka kambi 🪑 mzee endelea

UzalendoKwanza

Karani umeandika vizuri ila una chuki binafsi. Umetaja 2023 kwa kunung'unika wakati ni jambo kubwa. Februari 2022 magazeti manne yaliyofungiwa yalifunguliwa, Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, mbona husemi? 2023 imeundwa tume ya haki jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman imezunguka nchi nzima imesikiliza wananchi na ripoti imetoka. 2024 tumepata sheria mpya za uchaguzi na tume imeitwa Tume Huru. Hizi zote siyo maendeleo? Hao wataalamu 18 wa Geneva kwao hakuna polisi wanaopiga watu? Kila nchi ina hatua zake, tusikubali kupimwa na rula ya mtu mwingine.

KaraniMstaafu

Mkuu Uzalendo rula siyo ya mtu mwingine, tulijiunga wenyewe 1976 enzi za Mwalimu, hakuna aliyetushikia bunduki. Kuhusu magazeti na mikutano nakubali, na niliyenae nyumbani alifurahi sana 2023 maana anapenda mikutano kuliko harusi. Ninachosema ni kwamba kitu kilichorudishwa kwa hotuba kinaweza kuondoka kwa hotuba. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu ya maksi nagawa safu mbili, ya kwanza naandika watu wamepumua, ya pili naandika kufuli limebadilishwa au ni lile lile. Ukichanganya hizo safu mbili ndiyo unapata ripoti tamu ambazo baada ya miaka miwili zinakuaibisha.

WakiliWaMtaa

Mzee heshima yako, shikamoo. Niongeze nyama kidogo kwa upande wa kiufundi.

Kwanza kamati hawakai na dodoso la ndiyo/hapana, wana kitu karibu na unachosema. Baada ya kutoa maoni yao wanachagua mapendekezo machache ya haraka, nchi inatakiwa irudishe majibu kwa muda waliopangiwa, halafu kila jibu linapewa herufi. A umeridhisha kwa kiasi kikubwa, B umepiga hatua lakini bado, C majibu yako hayaridhishi, D hujashirikiana yaani umekaa kimya, E umefanya kinyume kabisa na ulichoambiwa au umelikataa pendekezo. Huu utaratibu wa kufuatilia upo tangu 2001, herufi ziliongezwa baadaye. Kwa hiyo yule mgombea binafsi wako kwa rula yao angekuwa anaanzia C, na marekebisho ya 1994 kama yangekuja baada ya pendekezo lao ile ni E bila mjadala. Watu wanachanganya hii na ule ukaguzi wa nchi kwa nchi wa Baraza la Haki za Binadamu, ule tumeenda 2011, 2016 na 2021. Kule ni serikali zinakagulia serikali, rafiki yako anaweza kukupongeza tu kwa kuwa keshokutwa na yeye zamu yake. Huku kwenye kamati ni wataalamu na hawana zamu.

Pili, jalada linafuatwa kama lina mlango wa kuingilia, na hapa ndipo napata presha. Hesabu milango na mimi. Geneva mtu binafsi anaweza kulalamika kama nchi yake imeridhia itifaki ya nyongeza ya mkataba, Uganda waliridhia 1995, sisi na Kenya hatujaridhia, mlango haupo. Arusha ulikuwepo, mtu binafsi au asasi ilikuwa inaingia moja kwa moja kwa sababu ya tamko tulilotoa, Novemba 2019 tukaliondoa, mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Na mnajua kilichofuata baada ya kutoa ile barua? Wiki moja tu mbele, tarehe 28 Novemba 2019, mahakama ile ile ikatoa hukumu ya Ally Rajabu kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Ndani ya nchi nako, Juni 2020 sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi ikarekebishwa, sasa ukitaka kupinga sheria kikatiba lazima uape kiapo kueleza wewe binafsi umeathirika vipi. Mtikila angefungua leo wangemuuliza, wewe mchungaji una chama chako tayari, umeathirika nini?

Mlango uliobaki wa karibu ni mahakama ya Afrika Mashariki, hapo hapo Arusha, ambayo Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya sheria ya huduma za habari ya 2016 vinakiuka mkataba wa jumuiya. Lakini kule una miezi miwili tu tangu jambo litokee, ukichelewa umekwisha.

Na mimi kwenye maksi zangu nahesabu milango kwanza. Jalada ambalo halijafunguliwa huwezi kulifuata mzee wangu.

mtoto_wa_changombe

Wakili umeniua hapo kwa mchungaji 😂😂

Lakini kwa ukweli kabisa wakuu, mtu wa kawaida haya yanamhusu nini. Mimi nauza chipsi, mgombea binafsi sitaki, Geneva sitaki, nataka mgambo asinipindulie karai.

KaraniMstaafu

Chang'ombe ngoja nikupe la kwako basi, na hili silipendi kulisema maana ni la jirani.

Kijana wa jirani yangu ni bodaboda. Alibebwa Ijumaa jioni, tuhuma ya betri ya pikipiki iliyoibiwa. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kifungu cha 32 inataka mtu wa kosa kama hilo asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 24 apewe dhamana ya polisi aende nyumbani. Alifikishwa Jumatano. Mimi kwa mazoea ya kazi nikaomba kuangalia karatasi zake, imeandikwa amekamatwa Jumanne saa kumi jioni. Nikasoma mara mbili nikidhani miwani. Kwa hiyo kwa karatasi yuko ndani ya saa 24, serikali imetimiza wajibu, ndiyo, tia tiki.

ZuhuraWaKisauni

Salaam nyote, mimi ni mtu wa Mombasa, nimekuwa nikifuata huu uzi kimya kimya. Mzee Karani nakuheshimu lakini ushajiangusha mwenyewe hapo. Ulituambia tufuate jalada, sasa jalada lenyewe limedanganya siku ya kukamatwa. Utafuata nini?

Nawaambia kwa sababu sisi huku Kenya tulidhani tumemaliza. Katiba ya 2010 ni nzuri mpaka ukiisoma unataka kulia. Ibara ya 49 imeandika saa 24 ndani ya katiba yenyewe, si sheria ya kawaida. Ibara ya 37 kukusanyika na kuandamana. Mgombea huru anaruhusiwa, matokeo ya urais unayapeleka Mahakama ya Juu na 2017 yakafutwa kweli. Chombo cha kusimamia polisi kipo tangu 2011. Sheria ya kuzuia mateso 2017, sheria ya wachunguzi wa vifo 2017, hii ya mwisho ilikaa miaka na miaka kwenye karatasi tu, afisi haina mtu. Sisi nasi kwa kuchelewa hatujambo, ripoti yetu ya pili ilifika Geneva imechelewa miaka kumi na nane, ikajadiliwa 2005, halafu 2012, halafu 2021. Kwa rula ya yule kijana wa dodoso Kenya ni namba moja Afrika.

Haya, 2024 ikaja. Juni 25 vijana wakauawa barabarani kwa sababu ya mswada wa fedha, tume yetu ya taifa ya haki ikahesabu zaidi ya 60 waliokufa kwa maandamano ya ule mwaka. Na baada ya pale ndio kukaanza mambo ya magari ya probox yasiyo na namba. Tume ile ile ikahesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Disemba. Sasa mtu aliyetekwa ana jalada? Hajaandikwa kwenye kitabu cha kituo chochote. Saa 24 zinaanza kuhesabiwa lini kwa mtu ambaye hakukamatwa? Ndio maana nakwambia mzee, ukifuata karatasi, wanaojua karatasi zinafuatwa watajifunza kutoandika.

KaraniMstaafu

Bibie Zuhura umenipiga pa penyewe. Nimekaa na hii komenti yako toka asubuhi, kuku wamechelewa kula.

Ni kweli. Mimi nimezoea jalada likiwa limeshafika masjala, kinachotokea kabla halijafika sikuwa nakiona kwa miaka 27. Sasa nikuulize na wewe, kwenye hii ya kijana wa bodaboda mimi nilijuaje kama ni Ijumaa na siyo Jumanne? Nilijua kwa sababu mama yake alinigongea Jumamosi alfajiri kuazima chupa ya chai, anapeleka uji kituoni. Na Jumapili. Na Jumatatu. Askari wa zamu alikuwa anampokea uji vizuri tu, hana ubaya, mpaka chupa yangu alimrudishia.

Kwa hiyo narekebisha. Shika jalada, halafu mtafute aliyepeleka uji. Karatasi na uji vikisema siku tofauti hapo ndipo penye maksi.

ZuhuraWaKisauni

Hapo sasa tunaelewana. Na huku kwetu walioanza kupiga simu afisi za mawakili na kutuma majina mitandaoni walikuwa ni wazazi na wapenzi wa wale watoto, kabla ya taasisi yoyote kuamka. Kesi ya wakili Willie Kimani pia unakumbuka, aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, hukumu ya maafisa wa polisi ikaja Julai 2022. Miaka sita na hiyo ndio tunaiita kesi iliyofaulu. Ilifaulu kwa kuwa mawakili wenzake hawakuondoka barabarani.

MpembaWaWete

Assalaam alaykum. Mnazungumza kana kwamba nchi ni moja lakini mkataba umeridhiwa na Muungano na sisi visiwani tumo. Kwa hivyo mkifuata majalada yenu msisahau bahari.

Januari 2001 watu waliuawa Pemba na Unguja kwenye maandamano, tume ya Brigedia Jenerali Mbita ikaundwa, ikaandika. Ukimuuliza mtu wa Micheweni leo nani alisimama mahakamani kwa yale atakutazama tu. Halafu masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walichukuliwa huku wakenda kushtakiwa bara kwa ugaidi, wakakaa ndani zaidi ya miaka saba, kesi inakuja kutajwa inarudi, inakuja inarudi, mwishoe Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akafuta mashtaka watu wakarudi majumbani ndevu nyeupe. Hakuna aliyesema walikuwa na hatia na hakuna aliyesema hawakuwa nayo. Mzee Karani hilo jalada lipo kabati gani?

WakiliWaMtaa

Sheikh hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya mgombea binafsi. Ibara ya 9 ya mkataba inataka mtu afikishwe haraka mahakamani na ahukumiwe ndani ya muda unaoeleweka au aachiwe, ibara ya 14 inasema bila kucheleweshwa kusiko na sababu. Sisi tuna kifungu cha 148(5) cha ile sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, makosa yasiyo na dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema kinakwenda kinyume na katiba, Agosti ile ile Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo ukitaka kumuweka mtu ndani bila kumhukumu humhitaji hakimu, unahitaji kuchagua kosa. Andika utakatishaji fedha, umemaliza. Halafu unasema upelelezi haujakamilika.

Nimesimama mahakamani mara nyingi mpaka nikisikia mtu anasema upelelezi huwa namalizia mwenyewe kichwani. 2022 sheria ilirekebishwa kwamba upelelezi ukamilike kwanza ndipo mtu ashtakiwe, watu wakashangilia, lakini soma mpaka chini, makosa makubwa yamewekwa pembeni na hayo ndiyo yanayokaza watu miaka. Hii kwangu ni B kwa mwizi wa kuku na C kwa wengine wote.

KaraniMstaafu

Mwizi wa kuku wangu asipewe B yoyote

UzalendoKwanza

Mnaona sasa, mnajaza uzi kwa mabaya tu. Hakuna nchi inayopata A kwa yote.

MpembaWaWete

Hakuna aliyedai A ya yote ndugu yangu. Tunadai jalada moja tu tulione limefungwa.

binti_wa_tabata

Samahanini naingilia, mnavyoongea kwa utulivu hivi utafikiri 29 Oktoba 2025 haikutokea. Mgombea mkuu wa upinzani yuko ndani kwa uhaini tangu Aprili, chama chake hakimo kwenye karatasi ya kura, wa chama cha ACT naye kaenguliwa, siku ya kura mtandao unakatwa, jioni tunaambiwa tusitoke nje, watu wanauawa, na idadi mpaka leo ni ya kubishaniwa, halafu tunatangaziwa karibu asilimia 98. Mimi siku nne sikujua mdogo wangu yuko wapi. Alirudi, alhamdulillah. Mzee unataka nifuate jalada gani hapo?

KaraniMstaafu

Mwanangu pole sana, na tunashukuru amerudi.

Sikuliweka juu pale kwa makusudi, naogopa kuandika juu juu kitu ambacho watu bado wanatafuta maiti zao. Lakini umeuliza nakujibu. Novemba iliundwa tume ya uchunguzi, mwenyekiti ni yule yule Jaji Mkuu mstaafu wa haki jinai. Sikosoi mtu. Ila sisi watu wa masjala tukipokea jambo jipya swali letu la kwanza huwa dogo tu, majina yako wapi. Kesi haifunguliwi bila majina. Januari 2001 aliyoisema Sheikh tulipata tume na tulipata ripoti. Ningekuwa mkaguzi wa Geneva nisingeuliza kama kuna tume, ningeuliza kama kuna orodha, jina kwa jina, na kila jina limefungua jalada namba ngapi na nani kaitwa kulijibia. Na wewe usisubiri mtu. Zile siku nne andika. Saa ngapi ulipiga simu ikawa haipatikani, uliuliza kituo gani, nani alikujibu, alikujibu nini. Weka tarehe. Daftari la kawaida la shule linatosha.

binti_wa_tabata

Nimeandika kwenye simu

KaraniMstaafu

Kwenye simu hapana. Daftari.

mtoto_wa_changombe

Mzee kuna swali la kizushi. Wale vijana wa dodoso uliwaambia haya? Au umekunywa chai yao ukanyamaza?

KaraniMstaafu

Niliwaambia, wakacheka, wakasema mzee wafadhili wanataka takwimu. Lakini binti mmoja wao kanipigia simu wiki iliyopita, anataka waongeze kiambatisho, majalada matano, kila moja kurasa mbili, kutoka siku ya tukio mpaka lilipokwama. Nimemwambia niandike la Mtikila. La pili nimempa la saa 24, amekubali ila anataka idhini ya familia na jina lifichwe, nikasema hapo umeongea kama mtu wa masjala. Matatu yaliyobaki tunatafuta. Wakili niletee la dhamana, lile ambalo hakimu alilalamika mwenyewe kwenye mwenendo, najua unalo. Sheikh na wewe nipe la visiwani lenye karatasi mkononi, hata kama karatasi ni mbili.

WakiliWaMtaa

Lipo. Nitakutumia kwa ujumbe wa ndani mzee, humu ukuta una masikio.

MpembaWaWete

Karatasi za kwetu ziko ndani ya mkoba wa mama mmoja Wete, nitamuomba. Asipokubali msinilaumu, ana haki yake hiyo pia.

ZuhuraWaKisauni

Mkimaliza mtutumie na sisi muundo, kuna wenzangu huku wangependa kuuiga. Na yule kijana wa bodaboda je? Yuko wapi saa hizi?

KaraniMstaafu

Alipata dhamana ile Jumatano jioni, wadhamini wawili, mmoja ni mimi. Kesi inakuja kutajwa Alhamisi. Nitaleta mrejesho.

KaraniMstaafu

Mrejesho wakuu. Nimetoka mahakamani sasa hivi. Tulifika saa mbili, mama yake, yeye na mimi. Saa tano karani, kijana mdogo hivi anachapa kwa vidole viwili, katoka kasema hakimu yuko kwenye semina, kesi zote zimesogezwa wiki mbili. Nikamuuliza semina ya nini. Akaangalia barua, akaniambia ni ya haki za binadamu.

Betri bado haijapatikana.